Elektrodi za superkapasita: tupime chombo kizima, si gramu ya maabara

Chukua superkapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, ya faradi 3,000 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kushika chaji) na volti 2.7, ile ambayo kampuni ya Maxwell ya Marekani iliifanya kuwa kigezo cha soko kwa miaka mingi. Uzito wake ni kama gramu 510. Ukiijaza mpaka mwisho inashika wati-saa 3 na chembe. Simu yenye betri ya miliampea-saa 4,000, ya aina waliyonayo watu wengi mijini, inataka wati-saa 15 hivi. Kwa hiyo zingehitajika superkapasita tano, zenye uzito wa kilo mbili na nusu, kuijaza simu moja.

Lakini chombo hicho hicho hujaa kwa sekunde, hutoa nguvu kubwa kwa mkupuo mmoja, na hustahimili kujazwa na kumwagwa mara milioni moja hivi. Betri ya lithiamu yenye uzito sawa hubeba nishati mara 25 hadi 40 zaidi, ila baada ya mizunguko elfu kadhaa inakuwa imechoka. Ndiyo maana mwaka 2006 jiji la Shanghai liliingiza barabarani mabasi yanayotumia superkapasita. Basi likisimama katika baadhi ya vituo kushusha na kupakia, linachajiwa kwa muda mfupi huo huo, kisha linasogea hadi kituo kingine cha kuchaji. Halibebi nishati ya siku nzima, linabeba ya kilomita chache tu. Kazi za namna hiyo ni nyingi: kudaka umeme wa treni inapofunga breki, kuinua makontena bandarini, kugeuza mapanga ya mtambo wa upepo dhoruba inapokuja, kuikinga betri isinyonywe ghafla pikipiki ya umeme inapopanda mlima.

Kiu ya watafiti ni kuongeza nishati bila kupoteza kasi wala uhai mrefu, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye elektrodi, yaani yale mapande mawili ya ndani yanayoshika chaji. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwelekeo wa kazi nyingi zinazochapishwa, zikiwemo za vyuo vyetu vya Afrika. Tunashindana kutaja faradi nyingi kwa kila gramu ya kemikali mpya, wakati kinachoamua ubora wa chombo ni mambo mengine kabisa: unene wa tabaka, usafi wa kaboni, volti inayohimili, na chaji inayovuja kikikaa bila kazi. Ukipima kwa vigezo hivyo, kaboni iliyotokana na vifuu vya nazi bado inaongoza, na sisi wa mwambao tuna sababu ya kuijua vizuri kuliko tunavyoijua.

Tuanze na namna chombo kinavyofanya kazi. Betri huhifadhi nishati kwa mabadiliko ya kikemia ndani ya elektrodi. Superkapasita ya kaboni haina mabadiliko hayo. Ukiunganisha umeme, ioni (chembe zenye chaji) zilizomo kwenye elektroliti, yaani kimiminika kilicho kati ya elektrodi, hukimbilia uso wa kaboni na kujipanga juu yake, hasi upande mmoja, chanya upande wa pili, zikiwa zimetenganishwa na chaji ya kaboni kwa umbali usiofika nanomita moja. Hermann von Helmholtz alilieleza tabaka hilo pacha la chaji mwaka 1853. Ilichukua zaidi ya karne kupata matumizi yake: Howard Becker wa General Electric alipewa hataza ya kapasita yenye elektrodi za kaboni ya vitundu mwaka 1957, na Wajapani wa NEC ndio walioipeleka sokoni katika miaka ya 1970.

Kwa kuwa kila kitu kinatokea juu ya uso, mwenye uso mkubwa ndiye mwenye chaji nyingi. Gramu moja ya kaboni amilifu nzuri, yaani makaa yaliyotobolewa vitundu vingi, ina uso wa mita za mraba 1,500 hadi 2,000, uliokunjwa ndani ya vitundu visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Kaboni inayotumiwa na maabara nyingi duniani kama kipimo cha kulinganishia inaitwa YP-50F, hutengenezwa na kampuni ya Kuraray ya Japani, na malighafi yake ni vifuu vya nazi. Kifuu ni kigumu, kimeshikana na kina majivu machache. Kikichomwa bila hewa, kisha kikapitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 800 hadi 1,000, kinabaki na vitundu vingi vyembamba chini ya nanomita 2, bila kuwa unga mwepesi unaopeperuka. Mbao laini na maganda mengi ya mazao hayafiki hapo kwa urahisi.

Zamani iliaminika kwamba kitundu kinachofaa lazima kiwe kipana kuliko ioni pamoja na molekuli za kiyeyusho zilizoizunguka. Mwaka 2006 kundi la Yury Gogotsi wa Chuo Kikuu cha Drexel na Patrice Simon wa Toulouse, Ufaransa, likaonyesha kinyume. Katika vitundu vyembamba kuliko nanomita moja, uwezo wa kushika chaji ulipanda badala ya kushuka, kwa sababu ioni huvua sehemu ya lile vazi la kiyeyusho na kuusogelea zaidi ukuta wa kaboni. Ugunduzi huo ulibadilisha maana ya kaboni bora. Uso mpana peke yake hautoshi, ukubwa wa vitundu lazima ulingane na ukubwa wa ioni.

Kuna sharti lingine. Elektrodi yenye vitundu vyembamba tupu ni kama Mji Mkongwe wa Zanzibar usio na barabara ya kuuzunguka: nyumba ni nyingi, lakini mzigo unakwama vichochoroni kabla ya kufika mlangoni. Ioni zinahitaji njia pana za kuingilia, za kati za kusambazia, na vitundu vyembamba vya kukaa. Kaboni yenye ngazi hizo tatu hujaa haraka hata ikiwa nene. Kupanga ngazi hizo, kwa vipimo vinavyojirudia bechi baada ya bechi, naona ndiyo kazi yenye tija kuliko zote katika fani hii leo, ingawa haivutii vichwa vya habari.

Sasa tuje kwenye zile faradi nyingi kwa gramu. Mtafiti anapaka miligramu 1 ya kemikali yake mpya kwenye sentimita moja ya mraba ya sifongo la nikeli, anaitumbukiza kwenye maji yenye alkali, anapima, anapata faradi 1,000 kwa gramu. Hajadanganya, kipimo ni sahihi. Lakini miligramu moja kwa kiwango hicho ni faradi 1 kwa sentimita ya mraba, na sifongo la nikeli la kawaida lina uzito wa miligramu 35 hivi kwa eneo hilo hilo. Ukigawa kwa uzito wote, zile faradi 1,000 zinabaki 28.

Weka pembeni yake kaboni ya vifuu ya kawaida, yenye faradi 100 kwa gramu. Ipake kwa kiwango cha kiwandani, miligramu 10 kwa sentimita ya mraba, juu ya karatasi ya alumini yenye unene wa mikromita 20 inayopakwa pande zote mbili. Unapata faradi 1 ile ile kwa sentimita ya mraba, na alumini inayoangukia upande mmoja haifiki miligramu 3. Gawanya: karibu faradi 79 kwa gramu. Kisha kumbuka kwamba nishati ni nusu ya kapasitansi (zile faradi) ikizidishwa na volti mara volti. Kipimo cha kwanza kilifanywa kwenye maji, ambayo kinadharia huanza kuvunjika kwenye volti 1.23, hivyo chombo cha kawaida cha maji huendeshwa kwenye volti 1 hivi. Cha pili kiko kwenye elektroliti ya kikaboni, volti 2.7. Mraba wa 2.7 ni zaidi ya 7. Kwa faradi zile zile, kaboni ya kawaida inabeba nishati mara saba.

Kuna upotofu mwingine wa kimahesabu unaopita kimya kimya. Superkapasita kamili ina elektrodi mbili zilizounganishwa mfululizo. Ukiziunganisha hivyo, kapasitansi inagawanyika kwa mbili na uzito unazidishwa kwa mbili, hivyo elektrodi ya faradi 100 kwa gramu inakuwa chombo cha faradi 25 kwa gramu. Kwenye volti 2.7 hizo ni kama wati-saa 25 kwa kila kilo ya kaboni. Ila superkapasita niliyoanza nayo ina wati-saa 6 tu kwa kilo. Robo tatu zimekwenda wapi? Zimemezwa na uzito wa elektroliti, alumini, gundi, kitenganishi na kopo. Meryl Stoller na Rodney Ruoff waliandika kuhusu njia sahihi za upimaji mwaka 2010, na mwaka uliofuata Gogotsi na Simon wakaonya katika jarida la Science kwamba namba kubwa zinazotokana na tabaka jembamba hazitabiri chochote kuhusu chombo halisi. Zaidi ya miaka kumi imepita na namba zile zile bado zinachapishwa.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa hidroksidi ya nikeli na oksidi za kobalti. Hizi hupimwa kwa faradi wakati tabia zake ni za betri: hushika na kuachia chaji kwenye volti maalumu, kwa mabadiliko ya kikemia, na kwa kasi ndogo. Thierry Brousse, Daniel Bélanger na Jeffrey Long walilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2015. Kuzipa kipimo cha faradi ni kuzipa sifa isiyo yake. Kwa nchi kama Kongo ya Kinshasa, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kuna kishawishi cha kutangaza kwamba kila teknolojia mpya ya nishati inaihitaji. Superkapasita za kaboni zilizoko sokoni haziihitaji hata chembe, na huo ni mmoja wa uzuri wake.

Oksidi zinazostahili kuitwa za superkapasita ni chache. Oksidi ya rutheni yenye maji ndiyo mfalme: mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliripoti faradi 720 kwa gramu, na mizunguko yake ni safi. Lakini rutheni ni madini adimu ya jamii ya platini, mengi yakitoka Afrika Kusini, na bei yake inakiweka chombo mbali na basi au treni. Oksidi ya manganizi ni rahisi na haina sumu kubwa. Nadharia inaipa faradi karibu 1,370 kwa gramu, ila haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ngozi ya juu tu ndiyo inayofanya kazi. Ukiipaka nene unapata faradi mia mbili au pungufu. Grafini ina uso wa kinadharia wa mita za mraba 2,630 kwa gramu, lakini karatasi zake hupenda kugandana, na ukizitenganisha unapata unga mwepesi unaojaza kopo kwa nafasi tupu. Kampuni ya Skeleton ya Estonia imelikabili hilo kwa grafini iliyopinda, ambayo hailali bapa. Mwishowe kuna maksini, tabaka za titani na kaboni zilizogunduliwa Drexel mwaka 2011, ambazo mwaka 2014 zilifikia faradi 900 kwa kila sentimita ya ujazo. Hiyo ni namba ninayoiheshimu, kwa sababu ni ya ujazo na si ya gramu nyepesi. Ila utengenezaji wake hutegemea asidi za floridi, na zikikaa kwenye maji na hewa huoza polepole.

Narudi kwenye kaboni, kwa sababu huko bado kuna faida ambayo haijachumwa. Ukipandisha volti kutoka 2.7 hadi 3.0 bila kubadilisha kitu kingine, nishati inapanda kwa asilimia 23. Vyombo vya volti 3.0 vimeshaingia sokoni. Kinachozuia kupanda zaidi, mbali na elektroliti yenyewe, ni uchafu ulioko juu ya kaboni. Kingo za kaboni zenye oksijeni, pamoja na unyevu uliojificha vitunduni, hula elektroliti volti inapokuwa kubwa. Gesi inatoka, kopo linavimba, uhai unafupika. Jambo hili linawapotosha wengi, kwani oksijeni hiyo hiyo ikiwa kwenye maji huongeza faradi na kuipendezesha makala. Kaboni inayosifiwa kwenye asidi au alkali inaweza kuwa mbaya kabisa kwenye chombo cha volti 2.7. Kabla ya kuisifu, tuulize imepimwa ndani ya nini.

Chuma nacho ni adui. Sehemu ndogo sana ikibaki kwenye kaboni, huyeyuka na kubeba chaji kutoka elektrodi moja hadi nyingine, na chombo ulichokijaza jioni unakikuta kimepungua asubuhi. Potasiamu na klorini, ambazo mnazi wa pwani huzivuta kwa wingi kutoka udongo wa chumvi, zina madhara yake pia. Dawa inajulikana: kuosha kwa asidi, kusuuza kwa maji safi mpaka asidi iishe, kukausha, kisha kupasha moto ndani ya naitrojeni au hidrojeni ili kufukuza oksijeni ya juu. Ni kazi ya subira na ya kurudia, na ndiyo inayotenganisha kaboni ya chujio la maji na kaboni ya elektrodi. Bei zake hazikaribiani.

Kwa mazingira yetu ningeongeza kipimo cha joto. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, uhai wa superkapasita hupungua kwa nusu. Nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 65. Sanduku la chuma lililofungwa juu ya paa Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa Februari, halikai kwenye nyuzi 25 za maabara. Mtafiti wa Afrika Mashariki anayechapisha matokeo ya nyuzi 25 peke yake anakosa swali ambalo yeye ndiye mwenye haki ya kwanza kulijibu: elektrodi hii itaishi muda gani ikishikiliwa kwenye volti kamili, kwenye nyuzi 60, kwa wiki kadhaa mfululizo?

Kuna na suala la njia ya kuamilisha, yaani kuyatoboa makaa vitundu. Maabara nyingi, zetu zikiwemo, hutumia hidroksidi ya potasiamu, sehemu tatu au nne kwa sehemu moja ya makaa, kwenye nyuzi 700 hadi 900. Uso unafika mita za mraba 3,000 kwa gramu na mchoro unapendeza. Lakini kemikali hiyo hutafuna tanuri, hutoa mvuke hatari wa potasiamu, na hudai maji mengi ya kuoshea. Tena kaboni ya mita 3,000 ina utupu mwingi ndani yake. Utupu huo hunywa elektroliti, na uzito ulioukwepa kwenye kaboni unarudi kwa mlango wa nyuma. Mvuke wa maji hutoa uso mdogo zaidi, lakini kwa gharama ndogo, bila sumu, na kwa msongamano mzuri. Kwa vifuu vya Mafia, Pemba, Tanga au Kilifi, ningechagua mvuke bila kusita, na nguvu ya utafiti ningeielekeza kwenye kusafisha na kupanga vitundu.

Sisemi kila kifuu kigeuzwe elektrodi. Vifuu vingi vina kazi tayari, ni kuni, ni makaa, ni upawa na vifungo. Hesabu yenyewe ni kali: takribani tani tatu au zaidi za vifuu hutoa tani moja ya makaa, na makaa hayo yakiamilishwa zaidi ya nusu yake huweza kupotea. Kiwanda kitakachoanza kwa kulenga superkapasita peke yake kitafilisika, kwa sababu wanunuzi ni wachache, wanachagua sana, na huchukua miaka kumkubali muuzaji mpya.

Njia ya busara ni kupanda kwa hatua, na hatua ya kwanza iko Kanda ya Ziwa. Katika mitambo ya uchenjuaji wa dhahabu, dhahabu ikishayeyushwa kwa sayanaidi hunaswa na chembe za kaboni amilifu, na kaboni inayopendwa kwa kazi hiyo duniani kote ni ya vifuu, kwa ugumu wake. Soko hilo liko Geita na Kahama, na nje ya kanda hiyo liko Chunya, mkoani Mbeya; halihitaji usafi wa elektrodi, na linatosha kufundisha wafanyakazi kuendesha tanuri la mvuke kwa joto lisiloyumba. Chujio za maji ni hatua ya pili. Sri Lanka imepita huko: kampuni ya Haycarb ilianzishwa mwaka 1973 ikitegemea makaa ya vifuu, ikakua kwa kaboni ya dhahabu na ya maji, na leo inauza pia kaboni ya superkapasita.

Kinywe (grafiti) cha Mahenge, Morogoro, nacho kina nafasi yake, ingawa si ile inayosemwa mara nyingi. Hakina uso wa kutosha kuwa elektrodi ya superkapasita ya kawaida. Kinafaa kwenye kapasita za lithiamu-ioni, chombo mseto ambacho upande mmoja una kaboni amilifu na wa pili una kinywe au kaboni ngumu iliyotiwa lithiamu kabla. Volti yake hufika 3.8 na nishati huwa mara mbili au tatu ya superkapasita ya kawaida. Chombo hicho kingeweza kukutanisha kifuu cha mwambao na kinywe cha Morogoro, ila kinadai usafi mkubwa kuliko vyote nilivyotaja.

Kwa hiyo nikiulizwa fedha kidogo za utafiti ziwekwe wapi, sitataja oksidi mpya. Nitataja mashine ya kupaka elektrodi nene kwenye alumini, chumba kikavu cha kufungia vyombo, kifaa cha kupima chuma na klorini kwa kiwango cha sehemu kwa milioni, na kabati la joto la kushikilia vyombo kwenye nyuzi 60 usiku na mchana. Kiwanda kinachouza kaboni ya dhahabu kikishirikiana na chuo chenye vifaa hivyo, kinaweza kuongeza tanuri la naitrojeni na matangi ya kuoshea kwa asidi, kisha kikaanza kutuma sampuli ndogo kwa watengenezaji wa superkapasita wa Asia na Ulaya, kila bechi ikiwa na cheti chake kinachoonyesha majivu, chuma, klorini, unyevu, na chaji iliyovuja baada ya saa 72.